Tairi za Kibamba na Tairi za Mzee

Hebu mwone anavyokuja. Mama mtu mzima, mshonaji wa nguo, anachechemea kidogo, anasukuma mlango wa duka la tairi kwa bega kwa sababu mikono yake yote miwili imeshika tepu ya kupimia nguo. Tepu zenyewe ni mbili, kaziunga kwa uzi, na kachomeka pini mahali pawili. Nje hakuacha gari. Hata gurudumu hakuja nalo.

"Karibu mama," fundi akasema. Mtaa mzima unamwita Upepo, kwa kazi yake na kwa mdomo wake pia. "Leo tukushonee nini?"

"Tairi nne. Kiuno chake ni mpaka pini hii. Upana ni pini ile."

Dereva wa lori aliyekuwa kwenye benchi akisubiri kuzibiwa pancha akapiga paja lake. "Kiuno! Na kifua je, mama?"

"Kifua nitapima chako ukishamaliza kucheka."

Dereva akatazama viatu vyake. Upepo akafuta mikono, akavuta stuli, akamwambia mama akae aeleze vizuri.

Akaeleza. Gari ni la marehemu mume wake, la michezo, la zamani, fupi, milango miwili na viti viwili tu. Tangu mwenyewe aondoke limekaa bandani, chini ya turubai aliloshona yeye kwa vipimo vyake, likalikaa gari vyema kama gauni la bibi harusi. Tairi zimepasuka mistari kama visigino. Na shemeji yake, mdogo wa marehemu, kashasema: "Shemeji, gari likikaa linakufa. Kesho asubuhi nakuja na kamba. Nikikuta linatembea, endesha, ni lako. Nikikuta limekaa, nalivuta kwangu." Si mtu mbaya yule, anasema kweli tupu. Lakini nyumba ile imeshapoa vya kutosha. Asubuhi mshonaji akipita bandani kuchukua ufagio huligonga gari boneti kidogo, kama anayemwamkia mtu. Likiondoka na hilo, atamwamkia nani?

"Kuendesha unajua?"

"Nimesambaza sare za shule kwa pikapu kabla hujaota ndevu."

"Basi twende nikalione. Tairi haipimwi kwa kiuno, fundi mwenzangu. Ina saizi yake imeandikwa."

Bandani, mshonaji akafungua vifungo vya turubai kimoja kimoja. Upepo akapiga mluzi. Halafu akachuchumaa, akasugua ubavu wa tairi kwa kidole chenye mate, akasoma: mia na themanini na tano. Akafungua mlango wa dereva, akatafuta kwenye nguzo yake kile kibamba kidogo cha bati ambacho kiwanda hukibandika. Akakisoma mara mbili.

"Mama, kibamba kinasema mia na hamsini na tano."

"Maana yake?"

"Huo ni upana, kwa milimita. Urefu wa ukuta wa tairi hawakuandika, magari ya zamani ndivyo yalivyo. Tairi ikiwa pana, ukuta nao unapanda. Kwa hiyo hizi zilizomo ni nene na ni ndefu. Zimenyanyua gari unene wa kidole gumba hivi. Wewe umepima barabara kabisa, ila umepima nguo isiyokuwa ya mwenyewe."

Akazungusha usukani mpaka mwisho, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akautoa una masizi. "Unaona? Ukikata kona yote, tairi inasugua bodi. Aliyeziweka hizi alikosea."

"Mume wangu hakuwa mtu wa kukosea saizi."

"Basi alikuwa anageuzaje gari?"

Mshonaji akakumbuka. Alikuwa anageuza kwa awamu. Mbele, nyuma, mbele, nyuma, hata pale ambapo lori lingegeuka mara moja. Na yeye, kwenye kiti cha pembeni, alikuwa akimcheka: "Baba, umri huo! Nikushikie usukani?" Na mzee hujibu tu, "Nishikie mkoba wako."

Ilianza lini? Akahesabu nyuma, akaupata. Ni mwaka ule goti lake yeye mshonaji lilipogoma kukunjika, akawa hawezi kuingia kwenye gari la chini namna ile. Akasusa matembezi ya Jumapili, akasema nendeni wenyewe, wewe na gari lako. Mzee akapotea na gari mchana mmoja, akarudi, akafungua mlango: "Jaribu leo." Akajaribu, akaingia. Shida kidogo, lakini akaingia. Akashangilia mpaka majirani wakachungulia, akaisifia dawa ya kuchua aliyokuwa anapaka. Akaisifia kwa kila mtu. Akawanunulia na wengine. Mzee alisimama pale pale ameshika mlango, akasema, "Dawa nzuri hiyo," na hakuongeza neno mpaka anazikwa.

Kidole gumba kimoja. Mshonaji anajua kidole kimoja ni nini. Ndicho kinachotenganisha gauni linaloingia na gauni linalogoma mabegani.

Upepo akakohoa. "Sasa mama, za mzee ninazo dukani. Za kibamba nitazipata kwa mwenzangu, hata leo. Za mzee utaingia vizuri ila kona zitakutesa. Za kibamba gari litakutii, ila goti..."

"Abiria ndiye alikuwa na goti," akasema. "Siku hizi hakuna abiria. Niletee za kibamba."

Jioni zilikuwa zimefungwa, betri imewekwa nyingine. Asubuhi shemeji akafika na kamba begani, akamkuta mshonaji anaingia kwenye kiti cha dereva: anakaa kwanza kwa kujitupa, kisha anaunyanyua mguu kwa mikono miwili na kuuingiza kama anayeingiza mzigo. Shemeji akataka kumsaidia, akaambiwa aache. Gari likakohoa, likawaka, likatoka getini.

"Haya, limetembea!" shemeji akapiga kelele, akaitupa kamba chini. "Lako, shemeji! Endesha!"

Mwisho wa mtaa akakata kona yote. Gari likageuka mara moja, laini, bila kusugua popote, halikuhitaji mbele wala nyuma. Akageuza uso kuelekea kiti cha pembeni, mdomo ushafunguka kumwambia mtu.

Wewe msomaji wangu, maneno ya namna hiyo yakikufika mdomoni na kiti kikiwa kitupu, unayapeleka wapi?