Pete Tatu Kwenye Mpini wa Wembe

Habari ilinikuta hapa Mansfield, Marekani, nikiwa kwenye foleni ya kuosha gari, wiki tatu zilizopita: rafiki yangu wa Missouri City, kule karibu na Houston, yule mhasibu mwenye nyembe, hatunaye tena. Moyo ulisimama akiwa amekaa sebuleni kwake. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanamfahamu, maana nilizoea kumtania kwenye safu hii. Nitasema wazi kilichonijia kwanza, ingawa kina ubinafsi: mjukuu wangu sasa atanyolewa na nani? Binti yangu alikuwa mja mzito wa kuhesabu siku, na marehemu alikuwa ameshaniambia, "Huyo ni wangu. Nilimnyoa mama yake, nitamnyoa na yeye."

Kazi yake ilikuwa hesabu, lakini maradhi yake yalikuwa nyembe za kukunja za zamani, zile za vinyozi wa enzi za babu zao Wamarekani. Alizisaka kwenye masoko ya vitu chakavu kuanzia Houston hadi Fort Worth, na akija kwangu ilikuwa lazima nimsindikize. Aliuinua wembe juani, akasoma kwanza chapa iliyo karibu na bawaba. "Hii ya kiwanda, haina habari." Kisha aliugeuza ubapa na mpini kutafuta alama za vyama vya undugu: bikari na kipimio cha seremala, kichwa cha mnyama mwenye mapembe, mikono inayosalimiana, pete tatu zilizoshikana. Kila alama aliijua ni ya akina nani, na hakuwa na haraka ya kumaliza kueleza, nami joto likiniua. Leo nalitamani joto lile.

Binti yangu mwenyewe alipotimiza siku saba tangu azaliwe tulikuwa tukiishi Sugar Land, jirani na Missouri City, na mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga kumlea mzazi. Rafiki yangu akafika na wembe wake bora, ameunoa kwenye mkanda wa ngozi. Mama mkwe akaiona bikari kwenye mpini, akamvuta mtoto kifuani.

"Alama hiyo naijua. Mjukuu wangu haguswi na vitu vya watu wa vyama vya siri na kafara."

"Mama, hii ni bikari tu ya fundi."

"Basi kajinyoe wewe."

Rafiki yangu alikwenda kwenye gari, akarudi na wembe mwingine, wenye pete tatu.

"Na hizi za akina nani?"

"Za watu waliokuwa wakiuguzana na kuzikana, mama. Mwenzao akifia ugenini, wenye pete hizi wanamsitiri."

Mama mkwe akaziangalia. "Kama nyinyi huku," akasema, akamtoa mtoto.

Jibu lile sijaacha kulifikiria. Vyama vile vilikuwa na kumbi zao na mavazi yao, na wanaume waliotaka alama ya undugu iwepo hata kwenye wembe wa asubuhi. Wakafa, na wajukuu wao wakaziuza nyembe sanduku moja na vijiko, bila kujua zilikuwa zinasema nini. Sisi huku bado tunazikana vizuri. Kwenye maziko ya rafiki yangu walikuja Watanzania, Wakenya, hata Wakongo, Waislamu kwa Wakristo. Lakini watoto wetu walisimama pembeni na Kiingereza chao, wakishangaa watu wote hawa wametoka wapi. Mtoto wa marehemu akanikabidhi ule wembe wa pete tatu.

"Uncle, Dad alisema huu ni wa baby. Hizi rings zina-mean nini?"

Nikamwambia nitamweleza baadaye, watu walikuwa wengi.

Jumamosi iliyopita mjukuu alitimiza siku saba. Niliukunjua wembe, nikaukunja tena. Binti yangu, ambaye ni nesi, akasema, "Baba, nipe mimi." Akamnyoa mwanawe taratibu, vinywele vikidondokea kwenye kitambaa cheupe. Alipomaliza akaugeuza mpini, akauliza pete zile ni za nini.

Nikaanza kwa madaha. Ya kwanza ni urafiki. Ya pili, upendo. Ya tatu ikanitoka kabisa, na marehemu aliniambia mara nyingi, pale juani. Najua mtandao ungenijibu mara moja, lakini sitaki kuambiwa na mtandao. Kama unaye mtu wa namna hii, msikilize mpaka amalize, hata jua likiwa kali. Mimi nilitoa simu mfukoni nimpigie, nikalipata jina lake, ndipo nikakumbuka kuwa hatunaye.