Makofi ya Shemeji Mayala

Barua ya shule ilifika Jumatatu, na kwa kuwa ilikuwa imeandikwa "Kwa Mzazi au Mlezi", Mayala ndiye aliyeifungua. Tangu mdogo wake Edward afariki, miaka mitatu sasa, yeye ndiye aliyefungua kila kitu katika nyumba ile ya Maganzo. Aliisoma akiwa amesimama kibarazani, akacheka kwa furaha, akaita kuelekea uani.

"Mama Limi! Njoo usikie. Binti yetu ameshika namba moja mkoa mzima. Insha! Kilele cha Wiki ya Sheria tunaitwa Shinyanga mjini."

Paskalia, mjane wa Edward, alitoka jikoni na unga mikononi. "Mungu ni mwema, shemeji," alisema, akijipangusa unga kwenye kanga. Insha ile aliijua. Limi alikuwa amemsomea Jumapili moja wakipepeta choroko, kwanza kwa Kiswahili, halafu akairudia kwa Kisukuma alipoona mama yake ameacha kupepeta. Ilimhusu mjane aliyetolewa kwenye nyumba aliyoijenga na mumewe, akapewa chumba cha uani jirani na choo, huku shemeji yake akihamia ndani na kuweka wapangaji vyumba vya mbele. Hakutaja jina la mtu. Lakini alitaja mlango wa bluu na mwarobaini uliokatwa tawi moja, na mlango wao ulikuwa wa bluu.

"Kwa nini umeandika hivi?" Paskalia alimuuliza siku ile.

"Mwalimu alisema tuandike tunachokijua, mayu," Limi alimjibu mama yake.

Paskalia alizaliwa kijiji cha ndani huko Mhunze, akamaliza darasa la saba, akaolewa na Edward, mchekecha mchanga wa almasi. Mwaka mmoja Edward aliokota jiwe la ukubwa wa punje ya mtama. Wenzake walitegemea atalinywa lote baa. Yeye akajenga vyumba vinne. Maji ya kufyatulia matofali aliyabeba Paskalia, mimba ya Limi ikiwa ya miezi saba. Vumbi la mashimo likaja kumla Edward mapafu. Baada ya matanga ukoo ulikaa kikao, ukamteua Mayala, kaka mkubwa, kuwa msimamizi wa mirathi. Karatasi ilizungushwa. Paskalia aliweka saini pale kidole cha mtu kilipomwonyesha.

Wala Mayala hakuwa mtu mkali. Hakuwahi kumwinulia mkono. Mavuno yakiwa mabaya alileta debe la mahindi, na sare za Limi alinunua yeye. Hilo ndilo lililomfunga Paskalia. Mtu akikupiga unakimbilia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akikupa unga, unakimbilia wapi?

Siku zilizobaki hakulala vizuri. Alifikiria kumwambia Limi ajifanye mgonjwa, akaona ni kumwibia mtoto ushindi wake. Akafikiria kumweleza shemeji mapema, akakosa hata neno la kuanzia. "Huwezi kusoma nyingine?" alimuuliza binti. Limi akatikisa kichwa. Mshindi husoma ile iliyoshinda.

Ijumaa hiyo, siku ya kilele, Mayala alivaa suti ya kijivu, akawapakia kwenye gari lake, Probox. Njia nzima aliongea yeye, mara Limi atakuwa wakili, mara jaji. Nje ya mahakama mahema yalikuwa yamejaa. Michoro ya wanafunzi ilining'inizwa kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Mmoja ulionyesha mizani, upande huu ng'ombe, upande ule msichana mwenye daftari. Paskalia aliketishwa katikati ya mstari, kulia Mayala, kushoto mwalimu mkuu, mbele yake Mama Ghati, mpangaji wa chumba cha mbele, ambaye mwanawe alikuwa kwenye kwaya. Hata angetaka kutoka, ingembidi aruke magoti ya watu kumi.

Limi akaitwa. Alisoma polepole, sauti ikifika hadi nyuma ya hema. Alipofika kwenye mlango wa bluu, Mayala, aliyekuwa akijipepea kwa ratiba ya sherehe, aliacha kujipepea. Alipofika kwenye mwarobaini, Mama Ghati aligeuka taratibu akamtazama mwenye nyumba wake. Paskalia alikaza macho kwenye vidole vyake. 

Insha ikaisha. Kisha mtu akasimama na kuanza kupiga makofi, na mtu huyo alikuwa Mayala. Alipiga kuliko wote, mikono juu ya kichwa.

"Watu wengine hawana huruma!" alisema kwa sauti ya kusikika. Akapanda jukwaani kama mlezi, akamkumbatia Limi, akashika cheti yeye.

Paskalia hakujua lipi baya zaidi, kwamba shemeji hakujitambua katika insha ile, au kwamba alijitambua.

Hakimu aliyeongoza sherehe, mama wa makamo, akatangaza kwamba mwenye tatizo kama la mjane yule aende meza ya msaada wa kisheria. Mayala alikuwa bado anapigwa picha. Paskalia akajikuta amesimama mbele ya dada mmoja aliyejitambulisha kwa jina la Apolonia, msaidizi wa kisheria.

"Nilitia saini mwenyewe," Paskalia alianza, kana kwamba anaungama.

Apolonia alimsikiliza hadi mwisho. "Mama, ulisaini awe msimamizi. Hukusaini kumpa nyumba. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali na kuwagawia warithi, kisha arudi mahakamani kueleza alivyogawa. Amerudi?"

"Sijui."

"Nikuandike jina?"

Kule jukwaani Mayala alikuwa akimpungia mkono, aje kwenye picha ya familia. Paskalia akataja jina lake haraka, likamtoka kama kikohozi, akaenda kusimama kwenye picha.

Wakapanda gari, wakauacha mji.

"Milango ya bluu iko mingi," Mayala alisema, macho barabarani.

"Ndiyo, baba mkubwa," alijibu Limi.

"Nilipiga makofi. Watu wote wameona nilivyopiga makofi."



Mwezi uliofuata Paskalia alifungua shauri mahakama ya mwanzo. Wito ulipomfikia, Mayala hakufoka. Aliacha kuleta unga, basi. Wazee wa ukoo wakaja, wakakaa kibarazani, wakamuuliza kwa upole kama kweli amemshtaki baba mkubwa wa mwanawe. Aliwaamkia, akawapa maji, akarudi zake jikoni. Usiku alitamani kufunga vitu vyake arudi kwao Mhunze, lakini Apolonia alikuwa amemwonya kwa simu: "Ukihama tu, watasema mwenyewe umeitelekeza nyumba. Kaa hapo hapo." Kwa hiyo alikaa. Alipika uani, akafagia, akapishana mara nne kwa siku na mshtakiwa wake, naye akimwamkia "Habari za asubuhi, Mama Limi," kama kawaida. Limi alikuwa amerudi bweni shuleni, akiuliza kwa simu ya matroni kesi imefikia wapi.

Tarehe ya kwanza hakimu alikuwa na udhuru. Ya pili jalada halikuonekana. Ya tatu Mayala aliomba muda wa kuwaleta mashahidi wake, akapewa.

Paskalia alitoka barazani mwa mahakama, akasimama kando ya barabara juani kusubiri gari la kurudi Maganzo. Probox ikasimama mbele yake. Mayala akashusha kioo.

"Panda, Mama Limi. Si tunakwenda kule kule?"

Alitazama barabara upande huu na upande ule. Hapakuwa na gari lingine. Akapanda.