Figo ya Kumpa Profesa

Mdogo wangu ni kinyozi, na wateja wake humwita Profesa. Ukikaa kwenye kiti chake huinuki kabla hujaelezwa dunia inavyoendeshwa. Shule aliiacha mwenyewe, hakufukuzwa; lakini mpe mashine mkononi na kichwa cha mtu asiyeweza kukimbia, utaisikia elimu!

Huyu Profesa figo zake zote mbili zimekufa. Anaishi kwa kusafishwa damu hospitalini. Mimi dada yake, tulionyonya ziwa moja, nikapimwa, nikaonekana nafaa kumpa figo yangu moja. Siku ya upasuaji ikapangwa. Mume wangu akanuna. Nikamwambia nuna tu, baba watoto, damu nzito kuliko maji.

Daktari akatuonya: mafua makali kwa mwenye figo mbovu si mzaha, hukimbilia mapafuni. Apate chanjo mapema. Profesa akacheka.

"Mafua dawa yake leso, dada. Hiyo chanjo ndiyo inayoyaleta. Kwa wateja wangu nimeona mengi."

"Wewe umeona visogo tu," nikamjibu.

Muuguzi aliyekuja na chanjo alikuwa mgeni pale. Profesa akamnyooshea mkono wa kushoto, ule wenye mshipa uliotengenezwa kwa ajili ya mashine ya kusafishia damu. Mkono huo haupimwi presha wala hauchomwi sindano nyingine, na kila mgonjwa wa pale anajua.

"Huu marufuku," akasema.

"Na wa kulia?"

"Huo umewekwa akiba, huu ukiharibika."

Loo! Chanjo inaingia kwenye nyama ya bega, akiba ya mshipa inahusu nini? Lakini binti wa watu akaomba radhi, akaenda zake. Mimi nikaambiwa kashachanjwa, tena akajisugua na bega, mnafiki mkubwa. Kumbe kule dukani kwake alikuwa akisimulia kwa madaha alivyomkwepa muuguzi, wateja wanashika mbavu.

Basi akaja mteja mmoja anapiga chafya mfululizo. Profesa akamnyoa ndevu, uso kwa uso, huku akimfundisha siasa. Haikupita wiki, akawa anatetemeka, hawezi kupanda kitanda bila kuhema.

Nilikuwa nimeshafunga begi la kwenda kupasuliwa. Daktari akaniambia nilifungue. Upasuaji hakuna, kwanza tuone kama atavuka.

Nilimkuta wodini, barakoa ya oksijeni imemziba ule mdomo, macho yamemtoka. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka na kulia pia, nikajizuia, nisimpe raha. Akaisogeza barakoa pembeni.

"Dada... ile figo bado ipo?"

"Ipo, mpumbavu wewe," nikasema, nikimrudishia barakoa usoni. "Figo ipo. Wewe wa kupewa ndiye sijui kama utakuwepo."