Mkwe Kwenye Kioo cha Simu

Nyumba ya Dina iko chini ya jiwe kubwa, katika kijiji cha ndani huko Mkalama. Ukitoka Iguguno unaacha lami, unashika njia inayokata mashamba ya alizeti, na kabla hujachoka sana utaliona. Mpita njia akiomba maji hapo huletewa pamoja na kigoda, maana Dina hapendi mtu anywe maji kwa kusimama. Ndivyo alivyokuwa tangu mumewe Emilian yu hai, na ujane haukumbadilisha.

Jiwe hilo ndilo lililokuwa simu ya kijiji. Kwingine kote mtandao haukushika, ila ukipanda juu kabisa na kuelekea upande wa barabara, simu ilipata uhai. Basi watu walikuja na simu zao za kitochi, wakapanda, wakapaza sauti kama wanaoswaga ng'ombe, na Dina huku chini akipeta mtama aliyasikia yote. Alijua nani kaposa wapi na nani kakataliwa. Hakuyatoa nje. Lakini kulikuwa na jambo moja lililomkaa moyoni: habari ya msiba haisemwi kwenye simu. Mtu aliye mbali huambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, wewe njoo tu. Akifika anakuta turubai limeshafungwa. Maneno hayo Dina aliyasikia yakipita juu ya kichwa chake miaka mingi, na kila alipoyasikia aliacha kupeta.

Yeye mwenyewe alipanda kuongea na binti yake Jesca, aliyeolewa Kintinku. Ikitokea simu imepokelewa na mkwewe, Melkizedeki, Dina alijitanda kanga, akaupa upande wa Kintinku mgongo, ndipo akaitikia salamu. Kwao mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja huiacha njia. Wifi yake Editha, dada wa marehemu Emilian, siku alipomwona hivyo alicheka mpaka akaketi chini, akamuuliza kama mkwe ana macho ya kuona toka Kintinku. Dina akamwambia anyamaze, adabu haimhusu.

Mwaka huu mnara ukajengwa kijijini. Mtandao ukaingia hadi jikoni, na intaneti pamoja nao, jiwe likaachiwa mijusi. Jesca akamtumia mama yake kwa basi simu ya kupangusa kioo. Editha, aliyekuwa na yake tangu zamani, akamfundisha kupokea.

Ndipo siku za Jesca za kujifungua zikatimia, akapelekwa hospitali. Kukawa kimya mchana kutwa. Kesho yake asubuhi Melkizedeki akapiga, sauti imechoka, akasema wamepata mtoto wa kike kwa operesheni, na mama wa mtoto anaendelea vizuri.

Dina akaiweka simu juu ya kigoda, akaketi palepale kwenye vumbi.

"Jesca amekufa," akasema.

"Wifi, umeambiwa anaendelea vizuri."

"Ndiyo hayohayo."

Editha akaona hapa maneno hayatasaidia. Akamweleza kuwa siku hizi mtu anaonwa kabisa, apige video amwone mwanawe kwa macho. Dina akauliza huko simu anayo nani. Akaambiwa mkwe, ya Jesca ilibaki nyumbani. Akatikisa kichwa. Uso wa mkwe, tena karibu namna hiyo?

Editha hakungoja ruhusa. Akapiga, na mara uso wa Melkizedeki ukajaa kioo chote, ndevu na macho mekundu. Dina akaifunika simu kwa kanga, upesi kama mtu anayekinga maziwa yasiingiwe na nzi.

"Shikamoo mama," sauti ikatoka ndani ya kanga.

"Marahaba," Dina akajibu, amegeukia ukuta.

"Wifi, hawezi kutoka humo akakushika mkono," Editha akasema.

Melkizedeki akaeleza kwa aibu kwamba hata yeye anatazama dari. Akasema atamwelekezea Jesca simu, yeye akae pembeni, ila kamera ya nyuma ilikufa alipoiangusha shambani, itabidi ageuze kioo aelekeze kwa kubahatisha. Dina akafunua kanga kidogo. Akaona feni. Akaona ndoo. Akaona mguu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani, mnene, si wa mwanawe. Kisha shuka jeupe, na chini yake mtu asiyetikisika.

Dina akaivuta kanga yote, akaitupa begani.

"Baba," akasema, "weka kichwa chako hapo kwenye mto, uangalie unachoelekeza. Na mimi naangalia."

Halafu vichwa viwili vikatokea kwenye mto mmoja, cha Melkizedeki na cha Jesca. Melkizedeki akamgusa mkewe shavuni. Jesca akafungua macho, midomo imekauka, akatafuta kioo mpaka akakipata.

"Mama," akasema polepole, "mbona umenuna?"

Dina akalia, akacheka, akamkemea kwa Kinyiramba kwa kukaa kimya siku nzima kama hana wazazi. Jesca akatabasamu, akafumba macho tena, na kifua chini ya shuka kikawa kinapanda na kushuka. Dina akakitazama kitambo.

Kisha macho yake yakahamia kwa yule wa pili, aliyekuwa bado anashikilia simu kwa mkono uliochoka, hajui aangalie wapi.

"Na wewe baba," akamwambia usoni, "mbona umekonda hivyo?"