Nusu ya Pi-hsia

Chapati za Liao Pi-hsia zikiungua, mtaa mzima ulijua kwamba jana yake amejifunza kitu kipya. Kwa miaka thelathini alikuwa akikaanga chapati za mayai mbele ya nyumba ya baba yake, hapa mjini Taichung, mkabala na lango la nyuma la chuo kikuu, na kwa miaka ishirini na saba ya mwanzo hakuunguza hata moja. Kisha akajiandikisha shahada ya sheria, masomo ya jioni, akiwa na miaka hamsini na mitano.

Watu walicheka, tena wakacheka mbele yake. Eti mjane wa umri ule, mikono imejaa mafuta, anataka kukaa dawati moja na watoto! Mimi nasema asiyejua maana haambiwi maana. Wanafunzi wa sheria walikuwa wateja wake, na kila asubuhi waliyaacha mezani yale mavitabu yao mazito ya vifungu wakati wanafuata maziwa ya soya. Yeye akiwa anangoja upande mmoja wa chapati uive, akawa anasoma kidogo. Siku moja mteja alidai kitabu chake naye akamjibu, "Ngoja nimalize ukurasa." Hapo ndipo maradhi yalipoanza.

Mwaka wa kwanza nusura atutie wazimu. Alijifunza katika sheria ya madai kwamba ukinunua chapati moja, hujafanya jambo moja, umefanya matatu: mmekubaliana kuuziana, muuzaji amekukabidhi chapati, nawe umemkabidhi pesa. Kila jambo linasimama peke yake. Basi kila mteja akaambiwa. "Matatu, ndugu yangu! Na wewe ulidhani unakula tu!" Mzee wa duka la baiskeli alimjibu kwamba kama ni matatu, basi apewe chapati tatu.

Halafu ikaja jinai. Asubuhi moja ya mvua, kijana alichomoa mwavuli kwenye ndoo ya mlangoni akaenda zake, na mwenye mwavuli akapiga kelele za mwizi. Pi-hsia akatoka na mwiko mkononi.

"Kuchukua, kachukua. Nia iko wapi?" alimuuliza yule mwenye hasira. "Tazama ndoo. Wake ule pale, mweusi kama wako. Kakosea, hajaiba."

"Shangazi, mimi nalowa!"

"Kulowa ni shauri la madai, si la jinai. Chukua wangu."

Aliipenda elimu ile kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Katiba ilimfanya asome habari za bunge kwa sauti. Sheria ya utawala ikamfundisha kwamba hata barua ya manispaa inaweza kukatiwa rufaa, naye akaikata, kuhusu kibaraza chake, na akashinda. Alifeli somo la hundi na hati za biashara mara moja, akalia siku nzima, akarudia na kufaulu. Msichana mmoja wa miaka ishirini, Pin-yu, ndiye aliyekuwa akikaa naye dawati moja, akimfundisha kompyuta na kulipwa kwa chapati. Mikataba ile haikuhitaji karatasi.

Lakini karatasi moja ilikuwapo, na ndiyo habari yenyewe.

Miaka kumi kabla hajaanza masomo, baada ya chakula cha mwaka mpya, kaka yake Kuo-tung aliweka mezani ukurasa mmoja uliopigwa chapa. Ulisema kwamba yeye, Pi-hsia, hatadai chochote cha baba yao baba akifariki. Baba alikuwa ameketi hapo hapo, anamenya chungwa. Kwetu husemwa kwamba binti aliyeolewa ni maji yaliyokwisha kumwagwa nje, na mabinti wa rika lake walipiga mihuri ya majina yao, ndiyo sahihi ya kwetu, kwenye karatasi kama zile huku wengine wakiosha vyombo. Pi-hsia alijifuta mikono, akatoa mhuri wake, akapiga. Kisha akarudi jikoni kukata tikiti.

Baada ya hapo baba akapooza upande mmoja. Pi-hsia, aliyekuwa akiishi naye tangu afiwe na mume, ndiye aliyemwogesha, kumlisha uji na kumgeuza kitandani kwa miaka sita, hadi mzee alipofariki mwezi wa sita, Pi-hsia akiingia mwaka wa tatu wa masomo. Mama yao alikuwa ametangulia zamani. Walibaki wawili tu, kaka na dada.

Kuo-tung si mtu mbaya, nimwondolee lawama isiyo yake. Hakuligusa jambo la nyumba hadi siku mia za msiba zilipotimia, kama inavyompasa mwana mwenye adabu. Zilipokwisha, akaja nguo ya msiba ameivua, iko mkononi, akasimama karibu na jiko.

"Pi-hsia, nyumba nimeipatia mnunuzi. Anabomoa, anajenga ghorofa. Mwisho wa mwezi wa kumi uwe umeshahama."

"Nihamie wapi, Kaka?"

"Kwa mwanao, kule Kaohsiung. Umri huu unakaanga mpaka lini? Pumzika."

Alikubali. Nasema alikubali, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Huyu aliyeishinda manispaa kwa ajili ya kibaraza aliinamisha kichwa mbele ya kaka yake, kwa sababu alikuwa amepiga mhuri, na mhuri kwake ulikuwa neno la mwisho. Alianza kufunga masufuria kwenye maboksi.

Zilibaki siku tisa alipokwenda kwenye kipindi cha sheria ya ndoa na mirathi. Profesa Chuang, mwanamke aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka tisa, aliwapa kisa.

"Mzee ana watoto wawili. Yu hai, binti yake anaandika kwamba ameukataa urithi. Mzee anafariki. Binti anapata nini?"

"Nusu," darasa likajibu kwa uvivu, kama watu wanaoulizwa saa.

Pi-hsia akasimama. Kiti kikaanguka.

"Nusu ya nini?"

"Ya kila kitu, Dada Liao. Mtu akiwa hai, urithi wake bado haupo. Huwezi kukataa kisichokuwapo. Kuukataa ni baada ya kifo, kwa maandishi, mahakamani, ndani ya miezi mitatu tangu ujue umerithi. Bila hivyo, umerithi."

"Na kama kulikuwa na mhuri?"

"Hata mihuri mia."

"Kama alipiga kwa hiari yake?"

"Hata kama alipiga huku anacheka. Dada Liao, umepatwa na nini?"

Pi-hsia alikuwa akihesabu kwa vidole. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Siku mia ni zaidi ya miezi mitatu! Adabu ya kaka yake ndiyo iliyoupitisha muda. Kaka angemjia siku ya arobaini na tisa ya msiba na fomu ya mahakama, yeye angepiga mhuri huku analia, na mambo yangekwisha.

Pin-yu alimvuta mkono. "Shangazi, hicho si kisa cha kitabuni, eti?"

"Ni changu! Ni changu, mwanangu!" akasema, na darasa zima likageuka. Profesa hakuendelea na somo. Aliukalia ukingo wa meza, akamwambia, "Simulia basi." Walifungua vitabu wote, wakaisoma nyumba ya Pi-hsia kifungu kwa kifungu, na hakuna aliyekumbuka kuangalia saa.

Asubuhi yake chapati ishirini ziliungua.

Kuo-tung alipofika kuulizia maboksi, alimkuta ameyafungua na masufuria yamerudi ukutani.

"Kaka, sihami."

"Umeanza lini utani?"

"Karatasi ile haina nguvu. Baba alikuwa hai."

Kuo-tung aliitoa mfukoni, akaipunga juu ya chapati. "Mhuri huu ni wa nani? Wa jirani?"

"Ni wangu."

"Basi!"

"Kifungu cha elfu moja mia moja sabini na nne," mteja mmoja akasema, mdomo umejaa mayai. Nusu ya walioketi mezani walikuwa wanafunzi wa sheria, na masikio yao yalikuwa yamesimama.

"Wewe kula!" Kuo-tung akamfokea. Kisha akamgeukia dada yake, uso umemwiva. "Hayo ndiyo unayofundishwa? Kumgeuka ndugu yako mbele za watu?"

Safari hii Pi-hsia hakuinamisha kichwa. "Nenda ofisi ya ardhi, Kaka. Kawaulize. Wakisema nimekosea, nitayabeba maboksi mwenyewe."

Alikwenda. Siku ile Pi-hsia alirudisha chenji pungufu kwa watu wanne na kumwaga ndoo ya maziwa ya soya. Aliogopa sheria isije ikawa hodari darasani na bubu dirishani kwa karani. Aliogopa pia kushinda, kwa maana kaka alikuwa mmoja tu.

Kesho yake wateja walipopungua, Kuo-tung alirudi, akaketi meza ya nyuma. Pi-hsia akampelekea chapati bila kuulizwa.

"Wamesema nini?"

"Wamesema bila wewe siuzi hata tofali." Alikuwa ameshika vijiti vya kulia lakini hajala. "Wameniuliza kama nina ndugu. Nikasema ninaye dada, ameolewa. Yule binti wa dirishani akaniambia, hilo sikukuuliza."

Pi-hsia alikuwa ameandaa hotuba nzima, yenye vifungu sita na utaratibu wake, kama jibu la mtihani. Pin-yu alikuwa amekwisha kumsikiliza akiikariri mara mbili.

"Haya," Kuo-tung akasema. "Unataka nini?"

Hotuba ikayeyuka. Alisimama na kitambaa mkononi, machozi yakamtoka hadi akaona aibu.

"Mbona unalia? Nimekuuliza tu."

"Ndiyo, umeniuliza. Mara ya kwanza, Kaka. Siku ile ya karatasi hukuniuliza. Baba hakuniuliza. Mimi mwenyewe sikujiuliza."

"Nilidhani hutaki. Ulipiga mhuri, ukaenda kukata tikiti."

"Tikiti lilikuwa na maana gani? Nilitaka mtu anifuate jikoni."

Kuo-tung aligeuka akatazama jikoni. Alikuwa mtu wa miaka sitini na mitatu, na nadhani alikuwa akiliona jiko lile kwa mara ya kwanza. Hatimaye akala chapati, ikaisha yote.

"Mnunuzi nitamwambia leo," alisema. "Atanitukana."

"Nataka kukaanga hapa maadamu naweza," Pi-hsia akasema, sasa sauti imerudi. "Nusu yako iwe yako, sitaigusa hata kwa kidole. Na nataka jina langu liandikwe."

Walikwenda wote wawili siku ya Jumatano, Pi-hsia amevaa koti lake la harusi za watu. Hati ilipotoka aliishika kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti pale pale ukumbini: Liao Kuo-tung, nusu, Liao Pi-hsia, nusu. Akasoma tena, kwa nguvu zaidi, na karani akamwomba apunguze sauti. Watu waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kaka yake alikuwa amesogea pembeni akitazama dari kama mtu asiyemjua.

Mara ya tatu sauti ilimkatikia kwenye jina lake mwenyewe, akanyamaza.

Kuo-tung akarudi, akasimama karibu naye.

"Soma tena," alisema. "Hapo mwisho sikusikia."