Karanga Mazishini Petta

Nikikumbuka siku ile masikio yananiwaka moto hadi leo, na mnavyonijua mimi si mtu wa haya nyingi. Nilikuwa mwalimu mpya kule kijijini Petta enzi za Mwingereza (mimi mtu wa Busia, nimetoka chuoni juzi tu, kichwa kimejaa nadharia), na watoto walikuwa wanachelewa mno, fimbo za mwalimu mkuu, Mzee Yowana, haziwasaidii kitu. Basi nikakumbuka habari tuliyofundishwa ya mtaalamu mmoja wa Urusi, aliyekuwa akipiga kengele kisha anawalisha mbwa, mpaka ikawa mbwa wakisikia kengele tu mate yanawadondoka. Nikasema, hebu nami nijaribu. Ikawa kila asubuhi ikilia ile rimu ya lori iliyokuwa kengele yetu (shule na kanisa tulitumia hiyo hiyo moja), anayefika mbio nampa karanga za kukaanga. Ee bwana! Walikuja kama kuku waliotupiwa punje, nami nikavimba kichwa.

Kisha mama yake chifu akafa. Wanafunzi wangu wakapangwa kuimba, jeneza likatoka kanisani limebebwa na wanaume, na katekista, kama ilivyo desturi, akaigonga rimu. Wimbo ukakatika pale pale! Watoto wote wakanijia mbio mikono wazi, "Karanga, mwalimu! Karanga!", wakawapitia wabebaji miguuni, mbebaji mmoja akajikwaa, jeneza likaanguka puu! Wanawake wakapiga mayowe. Nami kwa kuchanganyikiwa, nikitaka tu wanyamaze, nikatia mkono mfukoni nikaanza kugawa. Mbele ya maiti! Nilipoinua macho, chifu alikuwa ananitazama, machozi yanamtoka.

Aliyesema ni Mzee Yowana. "Mwalimu, wewe nafundisha watoto ama mbwa?"

Kesho yake rimu ilipolia, aliwapanga mlangoni akawachapa wote, hata Nyaketcho, binti mdogo ambaye kwa karanga zile ndiyo kwanza alikuwa ameanza kupenda shule. Nikamwomba anichape mimi. Akaniambia, "Shika mkono yake vizuri." Nikashika.

Asubuhi iliyofuata rimu ikalia, hakuja mtu. Niliwaona kwa mbali, sare zao zikipotea ndani ya mtama, wanakimbia ile sauti. Walikuwa wamejifunza, tena upesi kuliko mbwa wa yule Mrusi. Tangu hapo, jamani, nadharia nikiisoma naiacha kwenye karatasi. Mtoto wa mwenzio hajaribiwi.