Nane Mara Saba Juu ya Dungu

Mpunga unapoanza kujaa maziwa, kijiji chetu chote cha Majimoto hunukia. Ni harufu tamu, ya wali ambao bado haujawa wali, iliyochanganyika na tope na samadi ya ng'ombe waliopita alfajiri. Nikiisikia hadi leo narudi kuwa mtoto wa darasa la saba, miaka ile ya tisini, na masikio yangu yanamtafuta Nkwimba.

Nkwimba alikuwa rafiki yangu, na darasani hakuna aliyemfikia, hata mimi mtoto wa mwalimu. Kwetu mpunga ulikuja ndani ya gunia; ndege hawakutuhusu. Kwao, familia ya Kisukuma iliyohamia na mifugo yake, wavulana walichunga na yeye aliamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Msimu ule nafasi yake kwenye dawati ikabaki wazi, nami kila jioni nikamfuata shambani nimsomee ya siku hiyo. Tulikaa juu ya dungu, jukwaa la miti lililotuinua juu ya masuke. Kwelea wakishuka, tuliwafukuza kwa hesabu, nane mara saba, hamsini na sita, huku tukipiga debe na kucheka mpaka dungu likayumba. Sijawahi kuipenda shule kama nilivyoipenda pale.

Siku moja nikajipa moyo, nikamwomba baba yake amruhusu arudi darasani, maana mtihani ulikuwa unakaribia. Mzee yule hakuwa mkali. Alitutazama kwa fahari kabisa.

"Mbona anasoma hapahapa, mwanangu? Nawasikia nyie kila siku. Ndege wanakimbia na shule inaendelea."

Nkwimba alichukua debe lake akageukia upande wa pili.

Mtihani tuliufanya wote. Kwa kuzidisha alinishinda mbali, lakini asilimia zilifundishwa asubuhi, wakati wa ndege, na mimi mwenyewe sikuwa nimezielewa kiasi cha kumfundisha mtu. Jina langu lilitoka, lake halikutoka. Nilikwenda sekondari Mpanda mjini nikilia njia nzima.

Juzi nilirudi. Siku hizi bodaboda inakufikisha hadi ukingoni mwa shamba. Ilikuwa asubuhi, harufu ni ileile, na juu ya masuke ilisikika sauti ya mtu mzima, imekwaruza kidogo: nane mara saba. Nkwimba alikuwa dunguni peke yake. Baada ya kukumbatiana na kufutana machozi, aliniambia ana binti; nikamuuliza mbona hamsaidii.

"Yuko darasani," alisema, akaokota debe. "Leo wanafundishwa asilimia."